Timu Isiyo na Mpira: Kazi ya Kocha wa Ulinzi katika Futiboli ya Marekani

Katika futiboli ya Marekani, timu yenye mpira inajua jambo ambalo timu inayolinda hailijui: mpira unaelekea wapi, na utaanza kuchezwa lini. Wachezaji 11 wanaoshambulia wameshakubaliana kabla ya kujipanga. Wachezaji 11 wanaowakabili hukisia mpaka mpira utolewe. Kocha wa ulinzi huajiriwa ili kulipunguza pengo hilo, kwa maana kuliondoa haiwezekani. Huwafundisha wachezaji wake kusoma dalili, na huwagawia majukumu kwa namna ambayo hata wakikisia vibaya hapabaki mahali patupu. Akiwa bingwa wa kazi yake, huligeuza pengo lenyewe: anayebaki gizani ni kwotabeki wa upande wa pili.

Kanuni za mchezo zinazohusu kazi hii si nyingi. Uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mistari miwili ya goli. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa hupoteza mpira. Kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la mpinzani ni tachidauni, yenye pointi 6, na teke linalopita kati ya milingoti lina pointi 3. Kila jaribio linapoanza, mpira hutolewa kwa kwotabeki, naye anaweza kumkabidhi mkimbiaji, kurusha pasi kwa mmoja wa wapokeaji, au kukimbia nao mwenyewe. Ulinzi hulazimika kujiandaa kwa yote hayo kwa pamoja, na watu wake ni wale wale 11.

Ligi ya kulipwa, NFL, ina timu 32, na tangu 2021 kila timu hucheza mechi 17 za msimu wa kawaida. Chini ya kocha mkuu kuna mratibu wa ulinzi, ambaye ndiye mwenye mpango na ndiye anayechagua mpangilio wa kila jaribio. Chini yake wapo makocha wa nafasi: wa mstari wa mbele, wa malainibeka wanaosimama nyuma ya mstari huo, na wa mabeki. Wengi wa waratibu wakubwa walipitia nafasi hizo ndogo kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa ulinzi wote.

Kuzuia mbio huanza kwa kuhesabu mianya. Wakingaji watano wa timu inayoshambulia hujipanga karibu karibu, na katikati yao na pembeni mwao kuna nafasi ambazo mkimbiaji anaweza kupenya. Kila mwanya lazima uwe na mwenyewe. Mlinzi anayeuacha mwanya wake ili akamsaidie jirani amekosea, hata kama safari hiyo amefaulu kumwangusha mtu. Hilo huwa gumu kwa vijana wanaotoka vyuoni, kwa sababu huko wengi wao walisifiwa kwa kuufukuzia mpira popote ulipo. Katika NFL mkimbiaji husita kidogo tu, akauona mwanya ulioachwa, na yadi 40 zimekwenda.

Dhidi ya pasi kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kukaba mtu na mtu: kila mpokeaji ana wake wa kumfuata popote aendapo. Njia hii hudai mabeki wenye mbio kama za wapokeaji, na watu wa aina hiyo ni wachache na mishahara yao ni mikubwa. Ya pili ni kulinda eneo. Hapa beki hupewa sehemu ya uwanja, humtazama kwotabeki, na humkabili yeyote anayeingia sehemu yake. Udhaifu wake uko kwenye mipaka kati ya eneo na eneo, na huko ndiko kwotabeki hodari hulenga. Timu zote hutumia njia zote mbili na michanganyiko yake mingi. Tofauti kati ya kocha na kocha iko katika kiasi cha kila moja, na katika ustadi wa kuificha.

Nyuma kabisa husimama mabeki wa mwisho wawili, na hao ndio wanaobeba siri ya ulinzi wote. Wakibaki wawili nyuma, pasi ndefu inakuwa ya hatari kwa anayeirusha, lakini mbele hubaki watu wachache wa kuzuia mbio. Akishuka mmoja, mbele panajaa, ila mabeki wa pembeni wanaachwa peke yao na wapokeaji. Hakuna mpangilio usio na gharama. Ufundi wa kocha ni kuchagua gharama ambayo timu yake inaweza kuibeba siku hiyo, dhidi ya mpinzani huyo.

Silaha iliyobaki ni kumfikia kwotabeki kabla hajarusha. Kwa kawaida watu wanne humkimbilia na saba hubaki kulinda. Kocha akituma watano, sita au zaidi, hiyo ndiyo blitsi. Kwotabeki hupata muda mfupi wa kufikiri, lakini kila aliyetumwa mbele amepungua nyuma, na pasi moja iliyofika salama inaweza kuwa tachidauni. Timu yenye watu wanne wanaomfikia kwotabeki bila msaada ina utajiri ambao hakuna mchoro wa kocha unaoweza kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana klabu hutumia fedha nyingi sana kuwasaka watu hao.

Aliyeugeuza ulinzi kuwa somo la kufundishwa hatua kwa hatua ni Tom Landry. Mzaliwa huyo wa Texas alirusha ndege za B-17 katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akasomea uhandisi wa viwanda, na miaka ya 1950 akawa beki wa New York Giants, kisha mchezaji aliye pia kocha, kisha msimamizi wa ulinzi wote. Wakati huo huo ushambuliaji wa Giants ulisimamiwa na Vince Lombardi, ambaye jina lake limo leo kwenye kombe la Super Bowl, fainali ya ligi. Ni nadra timu moja kuwa na wasaidizi wawili wa kiwango hicho. Landry aliwafundisha walinzi kusoma kabla ya kukimbia: mkimbiaji amejipanga upande gani, mkingaji amepiga hatua ya kwanza kuelekea wapi, ni jaribio la ngapi na yadi ngapi zimebaki. Kila dalili ilikuwa na jibu lake, na jibu lilifanyiwa mazoezi mpaka likawa mazoea. Mpangilio wake wa watu wanne mbele na malainibeka watatu nyuma yao, ulioitwa 4-3, ulimweka Sam Huff katikati na kumfanya mmoja wa walinzi wa kwanza kujulikana Marekani nzima. Mwaka 1956 Giants walitwaa ubingwa kwa kuwafunga Chicago Bears 47-7. Landry aliondoka 1960 kwenda kuwa kocha mkuu wa kwanza wa Dallas Cowboys, na alikaa huko misimu 29.

Miaka ya 1970 ilikuwa ya walinzi. Pittsburgh Steelers walichukua Super Bowl nne ndani ya misimu sita, na beki wao wa pembeni Mel Blount aliwasukuma na kuwabana wapokeaji uwanja mzima kiasi kwamba wengi hawakufika walikotumwa. Mwaka 1978 ligi ilibadili sheria: baada ya yadi 5 za mwanzo, mlinzi haruhusiwi tena kumgusa mpokeaji kwa kumzuia. Wakingaji nao waliruhusiwa kunyoosha mikono. Mabadiliko hayo mawili yalifungua enzi ya pasi, na tangu hapo kila kocha wa ulinzi amefanya kazi chini ya sheria zinazompendelea mpinzani wake. Steelers, kwa sifa yao, walishinda Super Bowl mbili kabla ya badiliko hilo na mbili baada yake.

Jibu kali kuliko yote lilitoka kwa Buddy Ryan, mratibu wa ulinzi wa Chicago Bears. Mpangilio wake uliitwa 46, kutokana na namba ya jezi ya beki Doug Plank. Ryan aliwaweka walinzi watatu uso kwa uso na wakingaji watatu wa kati, ili hata mmoja wao asiweze kumsaidia mwenzake. Malainibeka wawili aliwapanga upande mmoja, na beki mmoja wa mwisho akashushwa mbele. Hivyo watu wanane walikuwa karibu na mpira, na kwotabeki hakujua wangapi kati yao wangekuja. Aliyetumwa safari hii angeweza kurudi nyuma safari ijayo. Huku nyuma mabeki walikaba mtu na mtu, na walikubali hatari hiyo kwa sababu waliamini kwamba pasi haitapata muda wa kurushwa vizuri.

Msimu wa 1985 Bears walishinda mechi 15 kati ya 16. Katika mchujo waliwafunga Giants 21-0 na Los Angeles Rams 24-0, kisha tarehe 26 Januari 1986 wakawashinda New England Patriots 46-10 katika Super Bowl. Baada ya mechi wachezaji walimbeba begani kocha mkuu Mike Ditka, na wengine wakambeba Ryan, jambo lisilo la kawaida kwa msaidizi. Mapenzi ya walinzi kwake yalikuwa ya zamani. Mwaka 1981, ilipoonekana kuwa makocha wote wangefukuzwa, walinzi wa Bears walimwandikia mwenye timu, George Halas, kumsihi awabakishe makocha wao wa ulinzi, naye alikubali. Ditka alipoajiriwa mwaka uliofuata alimkuta Ryan yupo, na wawili hao hawakuwahi kuelewana.

Mechi pekee waliyopoteza inafundisha kuliko zile 15. Miami Dolphins, chini ya Don Shula na kwotabeki Dan Marino, waliwafunga 38-24. Shula aliingiza wapokeaji watatu, na kwa kuwa 46 ilikuwa na watu wengi mbele na wachache nyuma, mpokeaji wa tatu alijikuta anafuatwa na mtu asiye na mbio za kutosha. Ditka alitaka beki wa ziada aingizwe, Ryan hakutaka kuuacha mpangilio wake, na wakazozana wakati wa mapumziko. Miaka iliyofuata timu nyingi zilianza kutumia wapokeaji watatu kama jambo la kawaida, na 46 ikabaki kuwa mpangilio wa jaribio moja moja badala ya mechi nzima. Kila wazo kubwa la ulinzi hupata jibu lake mapema au baadaye. Ryan alikuwa na wazo kubwa mno, na kosa lake lilikuwa kulipenda kuliko matokeo ya usiku ule.

Dick LeBeau, beki wa zamani wa Detroit Lions aliyenasa pasi 62 za wapinzani, alitafuta njia ya kushambulia bila kulipa gharama aliyolipa Ryan. Akiwa Cincinnati Bengals katika miaka ya 1980 aliiendeleza blitsi ya eneo: lainibeka au beki hutumwa mbele, na mtu wa mstari wa mbele, ambaye kwotabeki anamtarajia aje, hurudi nyuma kulinda eneo. Idadi ya wanaokuja haizidi kawaida, ila hao si wale waliotazamiwa. Baadaye, akiwa Pittsburgh, LeBeau alijenga juu ya wazo hilo ulinzi ulioisaidia Steelers kutwaa Super Bowl mbili, msimu wa 2005 na wa 2008. Katika fainali ya Februari 2009 dhidi ya Arizona Cardinals, lainibeka James Harrison alitakiwa kumkimbilia kwotabeki Kurt Warner. Alisoma kwamba pasi itakuwa fupi, akarudi nyuma kwa uamuzi wake, akainasa kwenye mstari wa goli na kukimbia yadi 100 hadi tachidauni. Kocha anayefundisha vizuri hufika mahali ambapo mchezaji anaweza kuuvunja mpango kwa sababu sahihi.

Tony Dungy na Monte Kiffin walikwenda njia nyingine kabisa. Huko Tampa Bay Buccaneers, kuanzia 1996, walichagua mipangilio michache na kuirudia bila kuchoka. Mabeki wawili wa mwisho waligawana nusu mbili za nyuma ya uwanja, na lainibeka wa kati alikimbia nyuma kuziba katikati yao. Dungy alikuwa amejifunza misingi ya mfumo huo alipokuwa mchezaji wa Steelers. Wapinzani walijua wazi Tampa watacheza nini, lakini kujua hakukuwasaidia sana, kwa kuwa wachezaji wote 11 waliufikia mpira kwa kasi bila kufikiri mara mbili. Dungy alifukuzwa baada ya msimu wa 2001, Kiffin akabaki, na Januari 2003 ulinzi huo ulinasa pasi tano za Oakland Raiders katika Super Bowl, tatu kati yake zikirudishwa hadi tachidauni. Matokeo yalikuwa 48-21. Urahisi unaofundishwa kwa ukamilifu ni silaha halisi, na makocha vijana wanaojaza vitabu vya michoro wangefanya vema kuusoma msimu huo.

Bill Belichick hakuwa na mfumo mmoja wa kujulikana nao, na humo ndimo ulimokuwa mfumo wake. Baba yake, Steve, alikuwa kocha na mpelelezi wa wapinzani katika Chuo cha Wanamaji cha Annapolis, na aliandika kitabu juu ya kazi hiyo. Mwana alikulia kwenye filamu za mechi. Akiwa mratibu wa ulinzi wa Giants, Januari 1991 alikabiliwa na Buffalo Bills, timu iliyocheza haraka bila kukusanyika kati ya majaribio na iliyokuwa imewafunga Raiders 51-3 mechi iliyotangulia. Belichick aliwaambia walinzi wake wamwache mkimbiaji Thurman Thomas apate zaidi ya yadi 100. Wachezaji, waliojivunia kuzuia mbio, hawakupendezwa. Hesabu yake ilikuwa kwamba mbio hula muda na hazifungi haraka, ilhali pasi za Jim Kelly zinaweza kumaliza mechi kwa dakika chache. Aliweka watu wachache mbele na mabeki wengi nyuma, na kila mpokeaji aliyeshika mpira aligongwa kwa nguvu. Thomas alipata yadi 135. Giants walikaa na mpira kwa zaidi ya dakika 40 kati ya 60 na kushinda 20-19, baada ya teke la mwisho la Bills kupita nje ya mlingoti. Mpango ule wa mechi umehifadhiwa katika jumba la watu mashuhuri wa futiboli mjini Canton, Ohio.

Mipango kama hiyo huundwa ndani ya wiki moja. Baada ya mechi ya Jumapili, Jumatatu hutumika kupitia video ya mechi iliyopita na kurekebisha makosa. Jumanne wachezaji hupumzika, huku makocha wakikesha na video za mpinzani anayefuata: hufanya nini akiwa na yadi 3 za kumalizia, huelekea wapi akiwa karibu na goli, mkingaji gani ni dhaifu upande wa kushoto. Jumatano hufundishwa majaribio mawili ya kwanza, Alhamisi jaribio la tatu, Ijumaa hali ya karibu na mstari wa goli. Jumamosi ni ya kutembea tu na kukumbushana. Ratiba hutofautiana kidogo kati ya timu na timu. Kazi inayopuuzwa na watazamaji ni ile ya wachezaji wa akiba, wanaoigiza ushambuliaji wa mpinzani kwa kadi zilizochorwa, ili walinzi waone kwa macho kile watakachokutana nacho.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana tarehe 1 Februari 2015 huko Glendale, Arizona. Belichick alikuwa sasa kocha mkuu wa Patriots, na timu yake iliongoza 28-24 dhidi ya Seattle Seahawks. Seattle walikuwa yadi 1 kutoka kwenye goli, sekunde zikiwa zimebaki chache, na nyuma ya kwotabeki Russell Wilson alisimama mkimbiaji mwenye nguvu, Marshawn Lynch. Belichick hakuomba muda wa kusimamisha saa. Aliingiza mabeki watatu wa pembeni pamoja na watu wakubwa wa mbele, na wa tatu alikuwa Malcolm Butler, kijana ambaye hakuna timu iliyomchagua alipomaliza chuo. Katika mazoezi ya wiki ile, wachezaji wa akiba walikuwa wameigiza mpango wa Seattle wa wapokeaji wawili waliosimama mmoja nyuma ya mwingine, na Butler alichelewa na kufungwa. Aliambiwa pale pale kwamba hapo lazima awahi. Katika mechi aliuona mpangilio ule ule. Mwenzake Brandon Browner alimzuia mpokeaji wa mbele asisogee, Butler akakimbilia mahali mpira utakapofika, akaufikia kabla ya mpokeaji Ricardo Lockette na kuunasa. Lawama nyingi zilimwangukia kocha wa Seattle, Pete Carroll, kwa kuchagua pasi. Haki inadai isemwe pia kwamba beki asiye na jina aliitambua pasi ile kwa sababu alikuwa amefundishwa kuitambua siku chache kabla.

Siku ya mechi mratibu ana sekunde chache za kuamua. Saa ya majaribio ni sekunde 40, na ndani yake lazima atambue ni wachezaji gani wa mpinzani wameingia, achague mpangilio, na kuufikisha uwanjani. Kwotabeki waliruhusiwa kuwa na redio ndani ya helmeti tangu 1994, lakini ulinzi uliendelea kutumia ishara za mikono kwa miaka mingi. Mwaka 2007 Patriots waliadhibiwa kwa kurekodi ishara za makocha wa ulinzi wa New York Jets. Belichick alitozwa dola 500,000, na timu ikapoteza haki ya kuchagua mchezaji anayetoka chuoni katika raundi ya kwanza. Doa hilo halijafutika katika kazi yake, na halistahili kufutika. Mwaka 2008 mlinzi mmoja wa kila timu aliruhusiwa naye kuwa na redio. Hutambulika kwa nukta ya kijani kwenye helmeti yake. Sauti ya kocha hukatika saa ya majaribio ikifika sekunde 15, na kuanzia hapo walinzi hujitegemea. Kwotabeki akibadili mpango dakika ya mwisho, mwenye nukta ya kijani ndiye anayebadili wa ulinzi.

Michoro yote hiyo haina faida mlinzi akishindwa kumwangusha mwenye mpira. Mazoezi ya kuangushana yamepungua, kwani tangu mkataba wa 2011 mazoezi ya kuvaa vifaa vyote hayazidi 14 katika msimu wa kawaida, hatua iliyochukuliwa kwa ajili ya afya za wachezaji. Hofu ya majeraha ya ubongo pia imeleta sheria kali dhidi ya kugonga kwa kichwa. Seahawks wa Pete Carroll walitafuta jibu kwenye raga, mchezo ambao watu wake huangushana bila helmeti. Mwaka 2014 walitoa video ya mafunzo iliyoonyesha namna ya kugonga kwa bega na kukumbatia miguu, kichwa kikiwa pembeni. Mbinu hiyo inafahamika kwa kila kijana aliyewahi kucheza raga Nairobi au Kampala.

Mtu aliyevuka kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine kwa maana halisi ni Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa amecheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand. Indianapolis Colts walimsajili 2013 na kumfanya lainibeka wa nje, ingawa hakuwa amewahi kucheza futiboli ya Marekani hata shuleni. Desemba mwaka huo akawa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Nafasi aliyoipata ilikuwa hasa katika vikosi vya mateke, ambako kazi ni kukimbia na kuangusha. Kusoma mipangilio ya ushambuliaji ndani ya sekunde chache ni elimu ambayo wenzake walikuwa wameianza utotoni.

Damu ya Afrika Mashariki imewahi kuingia ndani zaidi ya ulinzi wa ligi hiyo. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, alizaliwa Indianapolis na kuchaguliwa na Giants katika raundi ya kwanza mwaka 2006. Katika msimu wake wa kwanza, dhidi ya Tennessee Titans, alikuwa amemshika kwotabeki Vince Young katika jaribio la nne, kisha akamwachia kwa kudhani mpira umesharushwa na kwa kuogopa adhabu. Young alikimbia, na Giants waliokuwa wakiongoza 21-0 wakafungwa 24-21. Tukio hilo linaonyesha mzigo ambao sheria za kumlinda kwotabeki zimeuweka kichwani mwa mlinzi. Kocha analazimika kumfundisha kuwa mkali na mwangalifu katika nusu sekunde moja.

Mwaka uliofuata Giants walimleta Steve Spagnuolo, aliyekuwa amefundishwa kazi na Jim Johnson, bingwa wa blitsi wa Philadelphia Eagles. Mechi mbili za kwanza timu yake ilifungwa pointi 80. Wachezaji walikuwa bado wanajifunza lugha mpya, na kocha mwenye moyo mwepesi angeirudisha ya zamani. Spagnuolo hakuiacha. Msimu huo alimhamishia Kiwanuka kwenye nafasi ya lainibeka, na kijana huyo alicheza mpaka Novemba alipovunjika mguu. Tarehe 3 Februari 2008 Giants walikutana na Patriots waliokuwa hawajapoteza hata mechi moja na walioweka rekodi ya pointi 589 katika msimu wa kawaida. Walinzi wa Giants walimwangusha Tom Brady mara tano na kushinda 17-14. Kiwanuka alipata nafasi yake ya kucheza fainali Februari 2012, dhidi ya Patriots hao hao, nao wakafungwa tena. Spagnuolo alikwenda baadaye Kansas City Chiefs, akachukua Super Bowl nyingine tatu, na ndiye mratibu wa kwanza kutwaa kombe hilo akiwa na timu mbili tofauti.

Aliyewazuia Chiefs wasichukue ubingwa wa tatu mfululizo ni mzee mwingine wa ulinzi, Vic Fangio, aliyeanza kazi katika NFL mwaka 1986. Mafundisho yake yanakwenda kinyume na ya Ryan. Mabeki wawili wa mwisho hubaki nyuma, mbele huwekwa watu wachache, na sura ya ulinzi kabla ya mpira kutolewa hufanana kila mara. Kinachofuata ndicho hubadilika. Kocha anayecheza hivi hukubali kupoteza yadi 4 au 5 kwa mbio ili asipoteze 50 kwa pasi, na timu nyingi zimemwiga. Tarehe 9 Februari 2025 huko New Orleans, Eagles wake hawakutuma blitsi hata moja mechi nzima. Hata hivyo walimwangusha Patrick Mahomes mara sita kwa nguvu ya watu wanne wa mbele, na waliongoza 34-0 kabla Chiefs hawajapata pointi. Mechi iliisha 40-22.

Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa za Afrika Mashariki. Atakayekesha kuitazama asimkodolee macho kwotabeki peke yake. Awatazame mabeki wawili wa mwisho sekunde mbili kabla ya mpira kutolewa, na sekunde mbili baada yake, aone nani ameshuka, nani amebaki na nani amejifanya anashuka. Hapo ndipo kazi ya wiki nzima ya kocha wa ulinzi inapoonekana.